Sura ya Saba: Dhahiri ya Leo, Giza la Jana

Kabla shaba ya Likasi haijawa bamba jekundu la kupakiwa kwenye behewa, madini yake huogeshwa kwa asidi. Ndivyo kazi ilivyo katika kiwanda cha Shituru mjini humo tangu mwaka 1929. Mawe husagwa, asidi ya sulfuriki huyeyusha shaba na kuacha mchanga, kisha umeme huivuta shaba kutoka kwenye maji hayo na kuigandisha kwenye mabamba. Kobalti husafiri na shaba katika maji hayohayo na kutenganishwa baadaye. Bila asidi hakuna kazi, na ndiyo maana enzi za Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, kampuni nzima, Sogechim, iliundwa kushughulikia kemikali za migodi.

Asidi yenyewe ina mlango wake mgumu. Salfa ikichomwa hutoa gesi ya salfa dioksidi. Ili gesi hiyo iweze kuzaa asidi, lazima ichukue oksijeni zaidi, na ikiachwa peke yake huichukua polepole mno. Ukiipitisha kwenye tabaka la vipande vidogo vyenye vanadiamu, kwenye joto la nyuzi 400 na ushei, kazi hiyo hukamilika haraka, na vanadiamu hubaki pale pale ikisubiri gesi inayofuata. Hicho ndicho kichocheo. Kiwanda kinaposimamishwa kwa matengenezo, mafundi huvitoa vipande hivyo, vya manjano vikiwa vipya na vya kijani vikiwa vimechoka, huvichekecha kuondoa vumbi, huongeza vilivyopungua, na kuvirudisha mnarani.

Mwulize fundi wa asidi kama vanadiamu inafaa kwa kazi hiyo. Atajibu kwamba hilo linajulikana. Naam, leo linajulikana. Sheria ya hataza huuliza swali jingine: siku moja kabla ya mvumbuzi kulisema, lilikuwa dhahiri kwa nani? Katika swali hilo yamefungwa mabilioni ya fedha, sifa za wanasayansi wakubwa, na kwa maoni yangu, sehemu ya kesho ya mji wa Likasi.

Masharti matatu, na moja lenye miiba

Nchi nyingi hutoa hataza kwa masharti matatu. Uvumbuzi uwe mpya, uweze kutumika viwandani, na usiwe jambo ambalo fundi wa kawaida wa kazi hiyo angelifikia mwenyewe. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi ya Likasi, inasema hivyo pia. Sheria Na. 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982 inadai uvumbuzi uwe mpya, utokane na kazi ya ubunifu, na ufae kwa viwanda au biashara.

Upya ni rahisi kuupima: unatafuta kama kitu kilikwisha kuchapishwa au kutumika. Ubunifu ndio wenye miiba. Ili kuupima, sheria imejitungia mtu wa kufikirika. Mtu huyo amesoma kila kilichochapishwa katika fani yake, mikono yake ina ujuzi wa kawaida, lakini hana ile cheche ya kubuni. Jaji hujiuliza: mtu huyu, akipewa tatizo lile siku ile, angefika pale mvumbuzi alipofika? Akijibu ndiyo, hataza huanguka.

Kwa mashine, jaji anaweza kutazama gurudumu na wenzo akaona jinsi kimoja kinavyovuta kingine. Kichocheo hakitoi nafasi hiyo. Kazi yake hufanyika juu ya uso wa metali, mahali ambapo molekuli hutua, hulegea na kuachana, na uso huo hubadilishwa na vitu vidogo sana: chumvi kidogo, uchafu kidogo, namna unga ulivyochomwa. Metali mbili jirani katika jedwali la elementi zinaweza kutofautiana kabisa kwa tabia, na nyingine iliyo mbali ikashika kazi ileile. Kwa hiyo kila kesi ya kichocheo huwa na wakili anayesema, "Metali ni chache, mtu yeyote angezijaribu zote," na mwenzake anayejibu, "Basi mbona hakuna aliyefanikiwa?"

Leipzig, Machi 1912

Kesi kubwa ya mwanzo ya aina hii ilihusu amonia, mama wa mbolea ya viwandani. Mwishoni mwa karne ya 19 wanakemia walijua kwamba hewa imejaa naitrojeni na kwamba ikiunganishwa na haidrojeni hutoa amonia. Kuziunganisha ndiko kulikowashinda. Mwaka 1900 Wilhelm Ostwald alitangaza kwamba amefaulu kwa kutumia chuma. Kampuni ya BASF ilimpa kijana wake Carl Bosch kazi ya kuhakiki, naye akaonyesha kwamba amonia ile ilitokana na naitrojeni iliyokuwa tayari ndani ya chuma chenyewe. Henry Le Chatelier, Mfaransa aliyefundisha dunia jinsi mgandamizo unavyosukuma mmenyuko upande mmoja, alijaribu mwaka 1901. Mtambo wake ukalipuka, akaacha.

Fritz Haber wa Karlsruhe aliendelea. Alibishana hadharani na Walther Nernst mwaka 1907 kuhusu kiasi cha amonia kinachoweza kupatikana, na Nernst alikuwa na hesabu zilizoonyesha kwamba kiasi hicho ni kidogo kuliko Haber alivyodhani. Haber hakuvunjika moyo. Yeye na Robert Le Rossignol, Mwingereza mwenye mikono ya ajabu kwa vifaa, walijenga mtambo wa kuvumilia mgandamizo wa karibu mara 200 ya ule wa hewa. Tarehe 2 Julai 1909, mbele ya watu wa BASF, amonia ilitiririka tone baada ya tone. Vichocheo viwili ndivyo vilivyofanya vizuri: osmiamu na urani.

Msomaji wa Likasi asimame kidogo kwenye neno hilo la mwisho. Mwaka 1915 Robert Sharp alilitambua tabaka la urani la Shinkolobwe, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini. Dunia inaikumbuka Shinkolobwe kwa bomu la 1945. Lakini miaka 6 kabla ya mgodi huo kujulikana, kemia ilikuwa tayari imeiomba urani kazi ya amani kabisa, ya kulisha mashamba.

BASF ilimkabidhi Alwin Mittasch kazi ya kutafuta kichocheo cha bei nafuu, maana osmiamu ni adimu. Timu yake ilifanya majaribio zaidi ya 6,000 kwa maelfu ya michanganyiko. Chuma safi kilikuwa dhaifu. Kisha kipande cha jiwe la chuma kutoka Sweden kikafanya kazi vizuri kupita matarajio, na timu ikagundua kwamba uchafu uliokuwemo ndio uliokisaidia. Wakaanza kutia uchafu makusudi: alumina kidogo, potasiamu kidogo. Kiwanda cha Oppau kikaanza kazi mwaka 1913.

Kabla hakijaanza, washindani wa BASF, kampuni ya Hoechst, walikwenda mahakamani kuomba hataza ya Haber ya mgandamizo mkubwa ifutwe. Ostwald alikuwa upande wao. Hoja yao ilikuwa kali na inastahili kusikilizwa kwa haki. Le Chatelier alikwisha kueleza kwamba mgandamizo husaidia. Nernst alikwisha kufanya majaribio chini ya mgandamizo. Haber alifanya nini zaidi ya kuongeza namba kwenye kipimo?

Shauri lilisikilizwa Leipzig tarehe 4 Machi 1912. Haber aliingia mahakamani ameshikana mikono na Nernst, yuleyule mpinzani wake wa miaka mitano iliyopita. Nernst alitoa ushahidi kwamba kazi ya Haber ilikwenda mbali kuliko yake, na ombi la Hoechst likatupwa. Ni haki kuongeza kwamba BASF ilikuwa imempa Nernst mkataba wa ushauri wenye malipo mazuri. Mashahidi wa kesi kama hizi mara nyingi hulipwa, na jaji lazima apime maneno yao akilikumbuka hilo.

Hata hivyo, ukiwaweka mashahidi kando, kumbukumbu zenyewe zinasema. Mlipuko wa Le Chatelier una mwaka wake. Kosa la Ostwald lina mwaka wake. Mashaka ya Nernst yalitamkwa kwenye mkutano wa 1907. Kama njia ingekuwa dhahiri, vigogo watatu wa kemia ya dunia wasingeikosa wote kwa zaidi ya miaka 6. Kushindwa kwao, kukiwa kumeandikwa na kutajwa tarehe, ndiyo hoja iliyosimama upande wa Haber kuliko ushahidi wa mtu yeyote.

Mafuta ya kupikia na Mahakama ya Washington

Sasa tuigeuze shilingi, kwa maana hataza isiyostahili ni mzigo kwa watu wote. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mfaransa Paul Sabatier alikuwa ameonyesha kwamba nikeli iliyosagwa vizuri hupenyeza haidrojeni ndani ya mvuke wa vitu vingi. Mjerumani Wilhelm Normann aliichukua nikeli hiyo hadi kwenye mafuta ya maji na kuyafanya yagande. Alipata hataza Ujerumani mwaka 1902, na ya Uingereza mwaka uliofuata. Hiyo ya Uingereza ilifutwa na mahakama mwaka 1913.

Marekani, kampuni ya Procter & Gamble ilianza mwaka 1911 kuuza mafuta ya mbegu za pamba yaliyogandishwa kwa haidrojeni kiasi, laini kama shahamu, kwa jina la Crisco. Mwaka 1915 ilipata hataza juu ya chakula hicho chenyewe. Kampuni ya Berlin Mills ilipotoa bidhaa yake, Kream Krisp, ikashtakiwa. Mahakama ya kwanza ilisema hataza haifai, ya rufani ikasema inafaa, na mwaka 1920 Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta.

Sababu yake ni somo. Kugandisha mafuta kwa nikeli kulikuwa kumekwisha kuandikwa. Mafuta ya mimea yanayofanana na shahamu yalikuwa jikoni tayari kwa njia nyingine. Kilichobaki ni kujua mahali pa kusimamisha haidrojeni ili mafuta yasiwe magumu kama mshumaa, na hilo fundi mzuri hulifikia kwa kupima na kurudia. Kama hataza ile ingebaki, kila mtengenezaji angelazimika kulipa kwa ujuzi ambao tayari ulikuwa mali ya wote. Gharama hiyo huishia kwenye kikaango cha mama wa nyumbani.

Weka kesi hizi mbili pamoja uone tofauti. Haber na Procter & Gamble wote walichukua vitu vilivyojulikana wakavisogeza mbele. Lakini kwa Haber njia ilikuwa na maiti za majaribio ya wengine, na hakuna aliyejua kama mbele kuna kitu. Kwa Crisco njia ilikuwa imekwisha kufyekwa, ikabaki kuchagua mahali pa kusimama.

Kobalti ilipowashangaza waliokuwa wakiitazama

Kobalti ni metali ya nyumbani. Mwaka 2023 Kongo ilitoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti yote iliyochimbwa duniani, na karibu yote ilitoka ukanda huu wa Katanga. Watu wengi wanaifahamu kwa betri. Historia yake kama kichocheo ni ndefu kuliko ya betri za simu.

Mwaka 1913 BASF ilikwisha kuitaja kobalti katika hataza ya kugeuza gesi ya makaa ya mawe kuwa vimiminika. Franz Fischer na Hans Tropsch wakaichukua kazi hiyo kwa njia yao katikati ya miaka ya 1920 huko Mülheim, na kampuni ya Ruhrchemie ikaifanya ya kiwanda mwaka 1936, kobalti ikiwa kichocheo. Mwaka 1938 Otto Roelen wa Ruhrchemie alirudisha gesi ya ethilini ndani ya mtambo akitafuta jambo jingine. Akapata aldehidi, yaani ethilini ilikuwa imepokea haidrojeni na kaboni monoksidi kwa pamoja. Mmenyuko huo leo ni miongoni mwa nguzo za viwanda vya sabuni na plastiki.

Kuna habari inayolifanya tukio hili kuwa la thamani kwa sura yetu. Mwaka 1930 watafiti watatu wa Idara ya Migodi ya Marekani, Smith, Hawk na Golden, walipitisha ethilini pamoja na gesi hizohizo juu ya kichocheo chenye kobalti, wakachapisha kwamba vitu vyenye oksijeni vilitokea. Macho yao yaliona kile ambacho Roelen angekiona miaka 8 baadaye. Je, basi ugunduzi wa Roelen ulikuwa dhahiri? Nasema hapana. Wao walikuta vitu hivyo pembeni ya kazi nyingine, wakaviandika na kusonga mbele. Yeye alielewa ni mmenyuko gani na jinsi ya kuufanya upendavyo. Kati ya kuona na kutambua pana umbali mkubwa, na hataza nzuri hulipa umbali huo.

Mfano mwingine uko mkononi mwa kila abiria anayenunua maji ya chupa kwenye kituo cha mabasi ya Lubumbashi. Plastiki ya chupa hiyo hutengenezwa kwa asidi ya tereftaliki, ambayo hupatikana kwa kuchoma polepole kimiminika cha mafuta kiitwacho paraksilini. Kobalti ilijulikana zamani kwamba inasaidia kazi hiyo, lakini huishia nusu njia: upande mmoja wa molekuli hugeuka, wa pili hukataa. Katikati ya miaka ya 1950, Mid-Century Corporation ikaongeza bromini kidogo pamoja na manganizi, na upande wa pili ukakubali. Kila kimoja kilikuwa kikijulikana. Walichokifanya vikiwa pamoja ndicho kilichokuwa kipya, na ndicho majaji huita matokeo yasiyotarajiwa.

Vipimo vya majaji

Kutokana na mashauri kama haya, majaji wamejitengenezea vipimo. Ofisi ya Hataza ya Ulaya, katika uamuzi wake maarufu wa mwaka 1984, ilisema haitoshi kuuliza kama fundi angeweza kufanya jambo fulani. Uulize kama angelifanya kweli, kwa sababu iliyokuwa mbele yake, akitumaini faida ile. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2007, katika shauri la KSR dhidi ya Teleflex, ilielekea upande wa pili kidogo: pakiwa na haja inayojulikana na njia chache zinazotabirika, kuzijaribu ni kazi ya kawaida, si ubunifu.

Kwa vichocheo, uzito wote wa sentensi hiyo uko kwenye neno "zinazotabirika". Metali za kujaribu ni chache, hilo ni kweli. Matokeo yake ndiyo yasiyotabirika. Nadhani majaji wanapaswa kulishika hilo kwa nguvu. Wakati huohuo, kadiri kompyuta zinavyokokotoa tabia ya nyuso za metali, na roboti zinavyofanya kwa wiki moja majaribio yaliyomchukua Mittasch miaka, eneo la yanayotabirika linapanuka. Jambo lililostahili hataza mwaka 1955 huenda lisistahili leo. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa: tuzo ya sheria ifuate ugumu wa kazi.

Hatari inayobaki katika vipimo vyote ni moja. Jaji hukaa miaka mingi baada ya uvumbuzi, anajua jibu, na jibu likishajulikana swali huonekana jepesi. Dawa pekee ya ugonjwa huo ni karatasi za siku ile: nani alijaribu nini, lini, kwa joto gani, na ilishindikana vipi.

Daftari la Likasi

Hapa ndipo mji wetu unapoingia kwenye hoja kama mshiriki kamili. Likasi ina EMT, idara ya utafiti wa metalijia ya Gécamines, kampuni ya taifa ya migodi, ambako vizazi vya mafundi na wahandisi, na wanafunzi wa uhandisi kutoka Lubumbashi, wamepima jinsi madini ya Katanga yanavyoyeyuka, yanavyoganda na yanavyotengana. Yule mtu wa kufikirika wa sheria, mwenye ujuzi wa kawaida wa shaba na kobalti, akitafutwa akiwa na damu na nyama, atapatikana hapa Likasi, Panda au Shituru, mapema kuliko Munich kwenye Ofisi ya Hataza ya Ulaya. Na penye mafundi wa kawaida wengi hutokea anayevuka ukawaida.

Kwa huyo anayevuka, sheria ina mitego miwili na mlango mmoja wazi. Mtego wa kwanza ni kutangaza mapema. Mwanafunzi akitetea tasnifu yake hadharani, au mhandisi akisoma matokeo yake kwenye mkutano, katika nchi za Ulaya uvumbuzi huo huhesabiwa kuwa umekwisha kujulikana, hata kama ni wake mwenyewe. Ombi la hataza litangulie, tasnifu ifuate. Mtego wa pili ni kutunza mafanikio na kutupa yaliyoshindikana. Tumeona Leipzig kwamba yaliyoshindikana ndiyo yanayothibitisha ugumu wa njia. Daftari lenye kurasa zilizofungwa, kila jaribio na tarehe yake, vipimo vyake, na sahihi ya mwenzako aliyeshuhudia, ni mali sawa na mashine.

Mlango ulio wazi ni huu. Kongo haimo katika mashirika ya hataza ya Afrika, OAPI ya Yaoundé wala ARIPO ya Harare, lakini ni mwanachama wa Mkataba wa Paris tangu 1975. Mkataba huo humpa mvumbuzi miezi 12: akiwasilisha ombi lake Kinshasa, ana mwaka mzima wa kuliwasilisha nchi nyingine akihesabiwa kwa tarehe ile ya kwanza. Mwaka mmoja unatosha kutafuta mshirika, kurudia majaribio na kuamua soko liko wapi.

Na hata asiyetaka hataza ana sababu ya kuandika na kuchapisha. Ujuzi uliochapishwa na kutajwa tarehe ni ngao. Kampuni yoyote duniani ikija kesho kudai kwamba imebuni njia ambayo mafundi wa Shituru wameitumia miaka mingi, karatasi moja ya zamani inaweza kuivunja hataza hiyo, kama vile maandishi ya watangulizi yalivyoivunja ya Crisco. Bila karatasi, fundi aliyeanza anaweza kujikuta akiomba ruhusa ya kuendelea na kazi yake mwenyewe, na mahakama ya mbali ikamwona mwigaji.

Kwa karne nzima Likasi imehesabu utajiri wake kwa tani zinazotoka getini. Ipo hesabu ya pili, ya maarifa yanayotoka bila kuandikwa, kila mtaalamu anapostaafu na kila maabara inapofungwa. Vyuo vya Haut-Katanga, Gécamines na kampuni zinazoendesha mitambo hapa zina uwezo wa kuizuia hasara hiyo kwa gharama ndogo: zifundishe sheria ya hataza pamoja na kemia, zidai daftari kwa kila jaribio, na zimlipie mvumbuzi safari ya ombi lake la kwanza. Kobalti ya ardhini haina jina la mtu. Ujuzi wa kuitumia una wenyewe, na sheria huwatambua wale walioweka ushahidi.